Moshi Gatini Naivasha

Sheria ndogo mpya za baraza la wilaya zilisomwa gatini Naivasha siku ya Jumatatu, na Adero alizisikiliza huku akipara samaki. Mashua yoyote inayolaliwa na watu iondoke bandarini. Itakayobaki itakatwa kamba, ivutwe hadi matopeni na kuvunjwa. Mashua za starehe za wanachama wa klabu hazikuguswa, ingawa kila Jumamosi Wazungu walilala humo nyuma ya mapazia yao.

Adero, mjane, hakuwa na nyumba nyingine. Marehemu mumewe aliijenga mashua ile kwa mikono yake na kuiezeka kwa mafunjo, kwa kuwa ardhi yote ya ukingoni ilikuwa na wenyewe.

Asubuhi iliyofuata askari Kipchoge alifika na kisu, afisa wa bandari akimfuata nyuma. Adero alikuwa ameshapanga mafiga yake juu ya bati na kuwasha moto. Tangu mashua ya jirani yao Makokha iteketee ilipofunguliwa ikiwa na moto, watu wa gati walishika mwiko mmoja: mashua yenye moto jikoni haifunguliwi kamba. Ikiyumba tu, makaa huruka paani, na mafunjo makavu hayana subira.

"Zima moto, mama," Kipchoge alisema kwa sauti ya chini.

"Wiki jana ulikula hapa ukaomba nikuongezee mchuzi. Hukuniambia nizime."

Milcah, jirani yake, alicheka waziwazi, kisha akainama kupuliza moto wake. Wamalwa, wa mashua iliyofuata, naye akawasha wa kwake. Moshi ukapanda mashua baada ya mashua, hata afisa akakohoa na kuuliza kwa nini watu hawa wote wanapika kwa pamoja.

Kipchoge alimweleza ule mwiko. Afisa akamwamuru akate hivyo hivyo.

Askari aliitazama kamba, akautazama moto, akarudisha kisu alani. "Nikikata, bwana, gati lote litaungua. Na upepo unaelekea klabu."

Afisa aligeuka. Mwisho wa gati, mashua nyeupe ya klabu ilikuwa ikicheza polepole kwenye kamba yake. Akasema watarudi moto ukizimika, akaondoka kwa hatua ndefu.

Adero aliongeza ukuni mkavu.

"Kipchoge," aliita, "mwambie akirudi aje na sahani. Hapa hatuachi kupika."

Jioni hiyo watu wa gati walipangiana zamu za kuchochea.