Kiti Kilichoelekea Ukutani

Katika kiwanda kile cha misumari, jina ulilopewa na wazazi wako uliliacha getini pamoja na baiskeli. Ndani uliitwa kwa urefu wa msumari uliotemwa na mashine yako. Ndiyo maana mwanamke mrefu kuliko wote, aliyekuwa akiinama kupita mlango wa kantini, aliitwa Inchi Tatu, na mzee mmoja mfupi mwenye kitambi cha heshima aliitwa Inchi Sita, na hakuna aliyeona ajabu.

Mashine zilikuwa kumi na mbili. Kila moja ilivuta waya kutoka kwenye koili, ikaukata, ikaubamiza kichwa, ikautema, halafu ikaanza upya, mara mia tatu kwa dakika, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kelele yake haisimuliki. Ukimpigia mwenzako ukelele sikioni, ulikuwa unamrushia mate tu. Kwa hiyo watu wale walizungumza kwa mikono na midomo. Kugusa paji la uso maana yake msimamizi anakuja, kwa sababu alivaa kofia. Kupapasa tumbo, twende tukale. Waliweza kusengenyana kutoka pembe moja ya banda mpaka nyingine bila neno kutoka kinywani, na Inchi Tatu, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili mle ndani, alisoma midomo ya watu kama wengine wanavyosoma gazeti. Walijivunia sana ufundi huo. Nusura uwaponze.

Katibu wa tawi la chama chao cha wafanyakazi alikuwa mtu mwembamba, kiguu na njia, leo yuko ofisi ya kazi, kesho yuko hospitali anaomba takwimu. Kwa miaka minne alidai kitu kimoja tu, kwamba mashine zifunikwe kwa makasha yenye sponji nene ndani, ya kumeza kelele. Bosi alimjibu kila mara kuwa hajamwona mtu aliyeumia. Mwishowe waliandikiana na kutia sahihi. Wafanyakazi wote watapimwa masikio. Nusu yao wakikutwa wameharibika, mashine zote zitafunikwa ndani ya miezi mitatu, na hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya masikio yake. Kipengele hicho cha mwisho Katibu alikisoma mara mbili kantini, kisha akakibandika ukutani juu ya birika la maji.

Walimpigia makofi. Halafu walipotoka nje wakaambiana kwa mikono kwamba Katibu ni mtu mwema, lakini karatasi ni karatasi. Walimkumbuka mwenzao wa misumari ya bati, aliyepimwa macho miaka ya nyuma na mwezi ule ule akamwaga unga. Kwao kupimwa kulikuwa kuchujwa, basi.

Siku ya kupimwa, muuguzi alipanga meza kantini, akaweka kimashine chake na hedifoni kubwa nyeusi. Alikuwa msichana mpole, mwenye sauti ya kubembeleza ambayo nusu ya waliokuwepo hawakuisikia. Kila mtu angekaa mbele yake, avae hedifoni, na kila akisikia mlio, hata mdogo vipi, anyooshe mkono. Inchi Tatu aliitwa wa kwanza kwa sababu ya ukongwe wake kazini. Alikaa roho mkononi. Mlio wa kwanza aliusikia. Wa pili aliusikia kwa mbali. Baada ya hapo, kimya.

Lakini macho yalikuwepo. Akaona kwamba kila muuguzi anapobonyeza kitufe, anauma mdomo wa chini, kidogo tu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Inchi Tatu akanyoosha mkono. Mdomo ukaumwa tena, mkono ukanyooka tena. Alipovua hedifoni, muuguzi alimpongeza, na yeye alipokuwa akirudi kwenye foleni akagusa mdomo wake wa chini kwa kidole, akanyoosha mkono kana kwamba anajinyoosha mgongo. Haikuchukua muda hata wa kumeza mate. Foleni nzima ikawa imeelewa, mpaka binti yake mwenyewe, aliyeanza kazi miezi mitatu nyuma kwenye mashine ya inchi mbili.

Matokeo yalisomwa na bosi mwenyewe, amejaa tabasamu. Watu thelathini na mmoja, wote wazima! Inchi Sita, ambaye mkewe humwamsha kwa kumtikisa mguu, alipata alama za mtoto mchanga. Watu walijiuma vidole ili wasicheke. Katibu alisimama na ile karatasi mkononi, akaisoma, akaigeuza nyuma kama vile huenda ukweli umeandikwa huko, kisha akatoka bila kumuaga mtu. Inchi Tatu alimwona akiishika baiskeli yake bila kuipanda. Moyo ulimchoma, lakini alijiambia kwamba afadhali moyo uchomwe kuliko jiko kuzimika.

Jumapili iliyofuata, mchana, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani akimsuka binti yake. Binti alikaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti ya mama, na mkononi ameshika kioo. Kioo hicho hakikuwa cha urembo. Walikizoea tangu binti akiwa darasa la tatu, kwa sababu mama hamsikii mtu aliyempa kisogo, basi binti alizungumza na kioo na mama akasoma midomo humo ndani. Familia nyingine zina taratibu zao, wao walikuwa na hiyo.

Siku hiyo msuko ulifika nusu kioo kikiwa kimelala mapajani. Kisha kioo kikainuka.

"Mama, masikio yangu yanapiga mluzi."

Vidole vya Inchi Tatu vilisimama katikati ya msuko.

"Tangu lini?"

"Kama wiki tatu. Nikilala ndiyo unazidi. Nilidhani ni mbu."

Inchi Tatu aliujua mluzi huo. Ulimjia mwaka wake wa kwanza kiwandani, akanywa dawa za kila aina, na mwaka wa tano ukakoma wenyewe. Alishukuru Mungu siku ile, akadhani amepona. Kumbe mluzi haukuwa umemponya mtu, ulikuwa umemaliza kazi yake. Sasa alikitazama kisogo cha mwanawe, na ule mdomo wa chini aliougusa kwa kidole mbele ya foleni ukamrudia, akajiona mjinga wa kupindukia. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameyaacha masikio ya mwanawe yaende yalikokwenda ya kwake.

"Mama, mbona unalia?"

"Inama nimalize," alisema. "Kesho nina safari."

Safari yenyewe haikuwa mbali. Ofisi ya Katibu ilikuwa stoo nyuma ya duka la vipuri, yenye meza, kiti kimoja na mafaili yaliyopangwa mpaka dirishani. Inchi Tatu alifika asubuhi kabla ya kazi, akasimama maana kiti kilikuwa cha mwenyeji, akasema yote kwa mkupuo, asije akarudi nyuma.

"Mimi ndiye niliyewafundisha. Yule muuguzi anauma mdomo akibonyeza. Tulikuwa tunafuata mdomo, Katibu. Hatusikii kitu. Inchi Sita hasikii hata radi."

Katibu aliiweka kalamu chini. Alikuwa na kila haki ya kufoka, na laiti angefoka ingekuwa nafuu. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa tai yake, na Inchi Tatu alishindwa kujua kama ni kicheko au ni kingine.

"Dada yangu," alisema alipotulia, akihakikisha midomo yake inaonekana, "kwa kipengele kile cha kutofukuzwa nilikaa siku kumi na moja kwenye kiti mbele ya meza ya bosi. Siku kumi na moja! Na hamkukiamini."

"Hatukukiamini."

"Basi kosa ni langu pia. Nilikibandika ukutani nikaenda zangu. Sikukaa nanyi mkanieleza hofu yenu." Alisukuma kiti upande wake. "Kaa. Muuguzi naweza kumrudisha Ijumaa. Lakini mtu lazima aseme mbele ya bosi kwamba majibu yale hayakuwa ya kweli. La sivyo ataniambia mimi ndiye ninayetaka kubadilisha matokeo."

"Na nikifukuzwa?"

"Nitakuwa nimesimama mlangoni na karatasi aliyotia sahihi. Siwezi kukudanganya kwamba nina zaidi ya hapo."

Inchi Tatu baadaye alisema kwamba jibu hilo ndilo lililompa nguvu. Angeahidiwa makubwa, angekimbia.

Ijumaa wakakusanyika tena kantini. Bosi alikuja amekunja mikono kifuani. Katibu alisimama mlangoni kama alivyosema. Inchi Tatu alijikaza, akasimama mbele ya wenzake, na kwa kuwa alitaka kila mtu aelewe, alisema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja.

"Tulidanganya. Nilianza mimi. Leo nataka nipimwe kwa haki."

Bosi alifungua mdomo, lakini Inchi Tatu alikuwa amekwisha kukiinua kile kiti cha mbele ya meza ya muuguzi. Akakigeuza kuelekea ukutani, akakaa, akampa muuguzi mgongo, akavaa hedifoni. Mbele yake kulikuwa na ukuta wenye rangi iliyobanduka na ufa mmoja mwembamba. Akaweka mikono mapajani tayari kuunyoosha ule wa kulia.

Milio miwili mitatu ya mwanzo ilimfikia, kwa mbali, akanyoosha. Kisha akangoja. Alijua muuguzi huwa anapumzika kidogo kabla ya sikio la pili. Akangoja. Akauhesabu ule ufa una kona ngapi. Akafikiri labda kimashine kimeharibika, au bosi amezuia. Jasho jembamba likamtoka, lakini hakugeuka, kwa sababu alikuwa ameahidi haki.

Mkono ulimgusa begani.

"Anza basi, mwanangu," alisema Inchi Tatu. "Niko tayari."

Muuguzi alizunguka mpaka akawa mbele yake, akachuchumaa ili midomo yake ionekane. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Tumemaliza, mama. Masikio yote mawili."

Mle kantini hakuna aliyetikisika. Inchi Tatu hakuhitaji masikio kujua hilo. Alivua hedifoni, akainuka, na alipogeuka akamkuta Inchi Sita amesimama nyuma yake na kitambi chake. Mzee yule, aliyekuwa mwepesi wa kumkata mtu maini kwa mzaha, hakutania. Alikaa kwenye kiti kile kile, uso ukutani, akanyoosha kiganja apewe hedifoni. Baada yake akaja wa inchi nne. Kisha wa misumari ya viatu. Foleni ikajipanga yenyewe, na kila mmoja alipopita karibu na Inchi Tatu alimgusa bega, na mguso huo haukuwa na tafsiri katika lugha yao ya mikono, ila aliuelewa.

Ishirini na watatu kati ya thelathini na mmoja. Binti yake hakuwemo. Muuguzi alimwambia mama mtu kwa kituo, akirudia mara mbili, kwamba masikio ya binti yameanza kuchoka lakini bado ni mazima, na kelele ikipungua sasa, mluzi utaondoka. Inchi Tatu alimshika mikono akaibusu mbele ya watu. Muuguzi wa watu hakujua atazame wapi.

Na bosi? Bosi naye aliomba apimwe. Majibu yake hatukuambiwa, aliyapokea kwenye bahasha. Tunachojua ni kwamba makasha yaliagizwa wiki ile ile, wala hakuna aliyepewa barua.

Makasha yalifungwa kwa siku nne, na asubuhi ya siku ya tano mashine zote kumi na mbili ziliwashwa kwa pamoja. Inchi Tatu alisimama pahali pake akiwa na vizibo vyake vipya vya masikio mfukoni, maana Katibu alimwambia avivae hata yeye, alinde kilichobaki. Aliwaona wenzake wakitazamana, wakitabasamu, wengine wakishika mashavu. Yeye kwake hapakuwa na tofauti yoyote. Aliweka kiganja juu ya kasha, akahisi chuma kinatetemeka kama siku zote, na hofu ikamwingia kwamba pengine wamefungiwa masanduku matupu, watu wanatabasamu kwa adabu tu.

Wakati huo Katibu alitokea mlangoni, kule mwisho wa banda, kuja kuona kazi yake. Binti yake Inchi Tatu alikuwa ameupa mlango mgongo, ameinama juu ya kreti la misumari ya inchi mbili. Hakuna aliyekuwa karibu naye wa kumgusa. Inchi Tatu aliuona mdomo wa Katibu ukifunguka na kufungika, neno moja fupi.

Binti akageuka.

Aligeuka wepesi tu, kama mtu aliyeitwa, akapunga mkono, akajibu kitu, kisha akarudi kwenye misumari yake. Hakujua kwamba amefanya jambo. Inchi Tatu alikaa juu ya koili ya waya, ovaroli na grisi na vyote, machozi yakamtoka bila aibu. Aliwashukuru wote palepale, mmoja mmoja, muuguzi na mdomo wake wa chini, mzee Inchi Sita, wale wote waliokaa uso ukutani, na huyu mtu mwembamba aliyeng'ang'ania miaka minne kwa ajili ya masikio yasiyokuwa yake.

Katibu alimwona, akaja mbio akidhani ameumia.

"Dada, kuna nini?"

Inchi Tatu alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akamwonyesha binti kwa kidevu.

"Rudi kule mlangoni," alimwambia. "Mwite tena."