Taulo la Tatu

Mama Pasi hakuwa na tabia ya kujisifu. Alikuwa akisema ukweli tu, na kama ukweli ulimpendelea, hilo lilikuwa shauri la ukweli wenyewe. Kwa miaka kumi na moja timu ya boling ya Dobi, wafanyakazi wa duka la kufulia nguo, ilikuwa na watupaji wanne wa kuangusha pini kwa mpira, na miaka yote hiyo aliyetupa wa mwisho alikuwa yeye. Watatu wa kwanza hujenga kuta. Wa mwisho ndiye anayeezeka, na paa likivuja hakuna anayeuliza kuta zilikuwaje.

Ndiyo maana Ijumaa ile wifi yake alipokuja kwenye meza ya pasi na kuanza kupanga hanga zilizokwisha kupangwa, alijua lipo jambo. Wifi ndiye aliyepokea nguo za wateja pale kaunta, na ndiye nahodha wa timu.

"Wifi, nilikuwa nawaza," alisema. "Kuhusu Jumapili."

"Umeanza lini kuwaza?"

"Acha utani. Fainali ni na Zimamoto. Wametushinda mwaka jana, wametushinda mwaka juzi. Sasa nikasema, labda safari hii mkweo ndiye atupe wa mwisho. Kijana ana mkono mzito."

Mkwe mwenyewe alikuwa hatua tano kutoka hapo, kwenye meza ya madoa, ameinamia shati la mtu aliyejimwagia mchuzi. Alijifanya hasikii, lakini brashi ilikuwa imesimama hewani. Alikuwa amemwoa binti wa pekee wa Mama Pasi miaka mitatu nyuma, na kazi ya kutoa madoa alifundishwa na mama mkwe wake huyohuyo, palepale mezani.

Mama Pasi aliisimamisha pasi wima. "Nisikilize. Jumapili natupa wa mwisho kama kawaida. Tukishindwa, nafasi ni yake na sitatia neno. Tukishinda, nisisikie tena habari hii mpaka nistaafu."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe, na watu wamesikia." Alimgeukia mkwewe. "Wamesikia, au hawakusikia?"

"Nimesikia, Mama," mkwe aliliambia lile shati.

Jumapili ukumbi ulijaa. Njia zilikuwa kumi na mbili, lakini siku ile macho yote yalikuwa kwenye mbili za katikati, ambako Dobi na Zimamoto wangepokezana kwa michezo mitatu, pini zote zikijumlishwa. Zimamoto walikuja na fulana nyekundu na kelele. Dobi walikuja na fulana nyeupe zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Binti yake Mama Pasi alikaa safu ya mbele, mama upande mmoja wa moyo na mume upande mwingine, akaamua kumpigia makofi kila mtu.

Njia ya boling ukiitazama kwa mbali ni mbao tu zinazong'aa. Kumbe asubuhi mashine hupita juu yake ikipaka mafuta, membamba kiasi kwamba jicho haliyaoni. Mpira wa kuzungushwa, kama ule wa Mama Pasi, huteleza juu ya mafuta hayo bila kupinda, kisha ukifika mbele palipo pakavu hushika mbao na kukata kona hadi katikati ya pini kumi. Shida ni kwamba kila mpira unaopita huondoka na mafuta kidogo. Asubuhi hiyo nusu fainali zilichezwa kwenye njia zilezile, na hakuna aliyepaka tena. Kufikia saa nane mchana, njia ya saa tatu asubuhi ilikuwa imebaki jina.

Watu wa dobi nao wana ugonjwa wao: hawawezi kuvumilia kitu kichafu. Mpira ukirudi kwenye reli, kabla haujatulia, wameshaudaka na kuufuta. Hata mataulo walikuja nayo kwa hesabu, moja safi kwa kila mchezo. Lililotumika lilikunjwa vizuri na kuwekwa kwenye kikapu, maana kukunja hata taulo chafu ni jambo la heshima.

Mchezo wa kwanza Mama Pasi alitupa kama mtu anayenyoosha shuka. Alisimama kwenye kibao chake cha siku zote, ule ubao mwembamba wa sakafu alipozoea kuanzia, akalenga mshale wa pili kutoka kulia, mishale ile iliyochorwa kwenye mbao ili kumwongoza mtupaji, na mpira ukatii. Mchezo wa pili ukatii pia, ingawa mara mbili ulikata kona mapema kidogo, naye akaulaumu mkono wake. Dobi wakawa mbele kwa pini thelathini na nane.

"Zimamoto!" alipaza sauti Breki, dereva wao wa kupeleka nguo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa nazo. "Mbona leo maji yamekatika?"

Wifi akamvuta fulana akae chini. Afadhali angemwacha aseme akiba yote mapema, kwa sababu mchezo wa tatu haukuwa na nafasi ya utani.

Mtupaji wa mwisho wa Zimamoto alikuwa mtu mrefu waliyemwita Ngazi, naye alitumia mkono wa kushoto. Upande wake wa njia hakuna mwingine aliyeupita tangu asubuhi, kwa hiyo mafuta yake yalikuwa bado mazima. Aliangusha zote kumi, akaangusha tena, akarudi kitini bila hata kutabasamu. Mama Pasi akatupa palepale pa siku zote. Mpira ulianza kukata kona ukiwa katikati ya safari, ukapita mbele ya pini ya kwanza na kugonga upande usio wake. Zikabaki nne. Fremu iliyofuata, yaani zamu yake nyingine ya mipira miwili, zikabaki tatu. Zile thelathini na nane zilianza kuyeyuka, na kila mara aliuchukua mpira wake, akaufuta ukang'aa, akarudi kibao kilekile.

Kwenye fremu ya nane mkwe alimsogelea, mikono nyuma.

"Mama, naomba nikwambie kitu."

"Sema."

"Njia imekauka. Pale unapopitisha hapana mafuta tena. Ungehamia kushoto kidogo, labda..."

Mama Pasi alimtazama. Alimpenda kijana huyu. Alikuwa na adabu, alifua mpaka nepi za mwanawe bila kutumwa. Lakini siku hiyo alimwona mtu ambaye angerithi nafasi yake kama timu ingeshindwa, naye ndiye anamwambia ahame mahali alipozoea. Mwamba ngoma huvutia kwake. Wazo hilo lilimwingia likajikalia, wala hakulifukuza.

"Mwanangu," alisema kwa upole uliokuwa na miiba, "kibao kile nilikisimamia wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Sawa, Mama."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkwe hawakulitaja, na Mama Pasi akachukulia kwamba halivunji kitu. Fremu ya tisa alisimama palepale, akatupa palepale. Mpira ukakata kona mapema, ukapasua katikati, na pini mbili zikabaki nyuma kabisa, moja kila pembe, kama walinzi wa geti. Mpira wa pili ukapata moja.

Aliketi. Wenzake watatu walikuwa na fremu zao za mwisho kabla yake, na Ngazi pia. Wifi alisimama chini ya skrini akihesabu kwa vidole. Mkwe, alipokwisha kutupa yake, alikwenda kwenye kikapu. Alitoa mataulo mawili yaliyokunjwa, akayakunjua juu ya kiti kilichokuwa mbele ya Mama Pasi. Akachukua la tatu kutoka kwenye reli, akalilaza kando yake. Aliyalaza kama nguo za mteja zinavyolazwa mezani, upande wa doa ukiwa juu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama," alisema, "mteja akikuletea hizi, ungeniambia nini?"

Alitaka kumjibu vibaya. Lakini macho yalikuwa yameshaanza kazi, kwa sababu macho ya miaka ishirini na mbili ya kazi ya dobi hayasubiri ruhusa. Taulo la kwanza lilikuwa na mistari mipana ya mafuta ya kijivu, mizito, iliyolowa hadi upande wa pili. La pili, mistari ileile, lakini myembamba. La tatu lilikuwa karibu jeupe. Lilikuwa na vumbi na jasho la mikono, basi.

Siku ya kwanza kabisa alipomweka kijana huyu kwenye meza ya madoa, alimpiga kofi mkononi kwa kukimbilia brashi. Kabla hujalitoa doa, alimwambia, liulize limetoka wapi. Amewaambia hivyo wote aliowafundisha. Na yeye tangu mchezo wa kwanza ameufuta ule mpira mara zaidi ya arobaini, na hata mara moja hakuuliza. Mganga hajigangi.

"Ningekwambia mafuta yamekwisha," alisema polepole. "Yalikwisha katikati ya mchezo wa pili."

"Ndivyo nilivyoona, Mama."

"Tukishindwa, nafasi ni yako."

"Najua."

"Na bado unanionyesha."

Mkwe alionekana kushangaa kwamba hilo ni swali. "Lakini Mama, mimi nataka tushinde."

Aibu ilimpanda Mama Pasi kutoka kifuani mpaka masikioni. Hakuwa mtu wa kuona aibu mara kwa mara, hivyo hakujua aiweke wapi.

"Nilikudhania vibaya," alisema. "Dakika kumi nzima. Nisamehe."

"Yameisha, Mama."

"Hayajaisha, bado sijatupa. Wapi pana mafuta?"

"Katikati. Hapana mtu aliyepitisha huko. Vibao saba kushoto, na ulenge mshale wa tatu."

Wifi alikuja mbio. "Ngazi amemaliza. Imebaki yako tu, wifi. Ishirini na nne tunalingana, ishirini na tano tunashinda."

Fremu ya kumi ina ukarimu wake: ukiangusha zote unapewa mpira mwingine, ukiangusha zote tena unapewa wa tatu. Ishirini na tano maana yake ilikuwa zote, zote tena, kisha tano. Breki alifumba macho kwa viganja, akabaki hivyo.

Mama Pasi alihesabu vibao saba. Alijiona kama amesimama sebuleni kwa jirani. Kila kitu kilikuwepo lakini upande mwingine. Hakutetereka. Mahali pamehama, mkono ni wake. Alivuta hatua nne, akauachia mpira juu ya mshale wa tatu.

Ulienda moja kwa moja. Ulienda hivyo muda mrefu mpaka binti yake kule safu ya mbele akashika kinywa. Kisha, mbali kabisa, ukashika mbao, ukakata kona na kuingia ubavuni mwa pini ya kwanza. Zote kumi zilianguka kwa mlio mmoja.

Mpira uliporudi, mkono wake ulikimbilia taulo kwa mazoea. Akaurudisha. Aliuinua mpira hadi usawa wa macho, akauzungusha kwenye mwanga, na pale ubavuni akaliona: duara la mafuta, nene, linalometa kama ukingo wa sufuria.

"Yapo," alisema.

"Yapo," mkwe alijibu.

Ndipo alipoufuta, kwa lile taulo la tatu.

Mpira wa pili ulipita njia ileile. Tisa zilianguka papo hapo, na ya kumi, ile ya pembeni kulia, ikabaki inayumba kama mlevi anayetafuta ufunguo. Ukumbi mzima ukainama nayo. Pini nyingine iliyokuwa inabiringika sakafuni ikaja taratibu, ikaigusa miguuni, nayo ile ya pembeni ikalala.

Zikabaki tano za kutafuta, na Mama Pasi hakuwa mtu wa kupoteza tano. Aliusoma mpira, akaufuta, akatupa. Nane zilianguka. Mbili zilizosimama hakuna aliyeziangalia, maana Breki alikuwa ameshafumbua macho na kumbeba Wifi juujuu, naye Wifi, nahodha mzima, akipiga kelele ateremshwe.

Ngazi alikuja kutoa mkono. "Umehama mwishoni kabisa, mama. Nani alikuambia?"

"Dobi wetu," alisema, akamwonyesha mkwewe.

Binti yake alikuwa analia na kucheka. Mkwe alikusanya mataulo, akayakunja moja baada ya jingine.

"Basi nafasi ni yako, Mama," alisema.

"Naijua."

Alikuwa ameahidi mbele za watu, na ahadi ilikuwa upande wake. Mwaka ujao angetupa wa mwisho, na mwaka wa baada ya huo.

Jumatatu aliwahi kazini kuliko wote. Mkwe alipoingia, taulo la kwanza na la pili yalikuwa yameshafuliwa, yanakauka. La tatu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya meza ya madoa, halijaguswa na maji. Jeupe lote, na katikati mstari mmoja mpana wa mafuta.

Wifi alichungulia kutoka kaunta. "Wifi! Chafu hilo, wateja wataona."

"Waone."

Mkwe alilitazama, mikono nyuma, kama anavyosimama anapotaka kusema jambo kwa mtu mzima.

"Mama, doa la mafuta likikaa wiki mbili halitoki tena."

"Najua," alisema Mama Pasi, akachomeka pasi kwenye umeme. "Ndiyo maana nimelitundika."