Mayai ya Mashine

Kabla king'ora cha kiwanda cha sabuni hakijalia, Mama Mayai alikuwa amekwisha kupanga getini ndoo zake za mayai ya kuchemsha. Ya kware kwa wenye presha, walioaminishwa kuwa ni dawa. Ya bata, makubwa na yenye shombo, kwa wenye njaa. Ya kuku kwa wenye haraka. Chumvi kwenye kopo, pilipili kwenye chupa, na mdomo wake ndio ulioita wateja.

"Fundi, mbona umenuna? Jana wewe na mkeo mlilala mzungu wa nne nini?"

Fundi akacheka, akanunua mawili ya kuku.

Hakujua kuwa mayai yale hayakuwa ya trei tena. Trei ilikuwa imepanda bei mara tatu mwaka huu, na wafanyakazi mshahara wao uko palepale. Kwa hiyo, wiki ya pili sasa, Mama Mayai alikuwa akinunua kwa msimamizi wa mashine ya kutotolea vifaranga. Yai likikaa humo siku saba bila dalili ya uhai, hutolewa na kuuzwa mlango wa nyuma kwa bei ya kutupa. Kabla ya kuchemsha aliyamulika moja moja kwa tochi, na lenye mishipa ya damu, lililotolewa kwa makosa, alilitupa. Jana betri zilikuwa zimechoka, naye kachoka vilevile, akayachemsha bila kuyamulika.

Mlinzi mzee akatoka zamu, akanunua lake moja kama kawaida. Ndiye aliyempa nafasi hapa getini alipofiwa na mumewe, bila kudai hata chumvi. Akamenya, akang'ata, akalitazama. Mama Mayai naye akaliona: jicho dogo jeusi la kifaranga ndani ya kiini.

Mzee akalifumbata yai upesi, watu wasione.

"Tamu, mwanangu," akasema kwa sauti. Kisha akaenda kutema nyuma ya ukuta.

Afadhali angemtukana. Aibu ilimshika Mama Mayai mpaka masikio yakawaka moto. Mzee wa watu, tumbo tupu tangu usiku, ndiye anayemsitiri yeye!

Akasimama. "Jamani, nisikilizeni. Haya ya kuku si ya trei. Ni ya mashine, yaliyokataa kuanguliwa, na mengine yana vifaranga. Nimewalisha wiki mbili. Nisameheni, siuzi tena."

Akangoja matusi. Akangoja ndoo ipigwe teke.

Fundi aliangalia kipande kilichobaki mkononi, akakimalizia. "Kwa hiyo bei inashuka?"

"Hukunisikia, kaka? Nasema yana—"

"Nimekusikia, dada. Nauliza bei."

"Mimi nifungie matano," akadakia mwanamke wa kupaki sabuni. "Mabovu nitayatoa mwenyewe."

"Usiyatupe bwana!" sauti ikatoka nyuma. "Tuna watoto nyumbani."

Foleni haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Mama Mayai akainama kwenye ndoo, akawahudumia bila kuthubutu kumtazama mtu usoni.