Viti Viwili vya Kigoma

Kila abiria wa ndege ya Melkiades alipimwa kwanza, yeye na mzigo wake, kwenye mizani ya kupimia mawese. Ndege ilikuwa moja tu, ndogo, na uzito ukizidi ilibidi watu washuke. Walioshuka walikuwa wale wale: Speciosa, na mwanawe Melkiades, mwenye ndege.

"Mama, tuache wateja waende. Sisi tutaenda kesho."

Speciosa alishuka, maana mama gani atabishana na mwanawe mbele za watu? Alirudi nyumbani Minago, Burundi, na kopo lake lenye mche wa mchikichi, ambao alitaka yeye na Melkiades waupande kwenye kaburi la Scovia, binti yake mkubwa, aliyefia ukimbizini Kigoma, Tanzania. Mche ukikua kupita kopo, aliotesha mwingine. Na watu hawakuona haya kumpongeza kwa kuzaa mwenye ndege!

Mwanzoni abiria waligombania nafasi. Wafanyabiashara wa Rumonge walijigamba kwamba wamekwenda Kigoma na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kisha mvua ikalainisha uwanja, gurudumu likapasuka ndege ikitua. Hakuna aliyeumia, lakini abiria walirudi kwenye boti. Melkiades alihangaika weee, mwishowe akaiuza ndege kwa watu wa Kigoma.

Siku ya kuipeleka, alimfuata mama yake.

"Mama, leo nafasi iko. Rubani atakufikisha."

Speciosa alibeba kopo lake. Uwanjani alipanda mizani kwa mazoea, ingawa hapakuwa na wa kumpima.

"Na wewe?"

"Mimi nabaki kufunga biro."

Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati, na mlango ulikwishang'olewa. Hasira aliyoimeza muda wote ilimtoka Speciosa.

"Kila siku ulikuwa unashuka mbiombio. Nilizani ni biashara. Kumbe unaogopa kaburi ya dada yako!"

Melkiades aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka mbele ya rubani.

"Alinibeba mugongoni mpaka Tanzania, mama. Siku ya kumuzika, nilikimbia."

"Najua. Nilikutafuta mpaka jua likazama." Sauti ya Speciosa ilishuka. "Leo hakuna muteja, mwanangu. Panda."

Alipanda. Alilichukua kopo mapajani mwa mama yake, akalishika kwa mikono miwili mpaka Kigoma.