Marehemu Anaomba Afutwe

Dobrinka alipata habari za kifo chake akiwa uani, anachoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa kwa ajili ya majira ya baridi. Aliyemletea ni jirani yake Snezhana, mwanamke ambaye hajawahi kulala na umbea tumboni.

"Shoga, kaa kwanza," Snezhana alisema, akimsogezea simu hadi puani. "Humu wanasema umekufa."

"Nani kasema?"

"Tovuti ya marehemu. Picha yako hii hapa, na mshumaa umewashwa."

Kweli bwana, ilikuwa picha yake, ile ya kaburini. Mumewe Lyuben alipofariki, Dobrinka alifanya kama wajane wengine wote wa Kyustendil, mji wao huko Bulgaria: alimwambia mchonga mawe aweke na jina lake yeye pale pale pembeni ya mume, na sura yake, na mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa kufa uachwe wazi, utajazwa ukifika. Sasa kampuni moja ilikuwa imepita makaburini na kamera, ikaingiza kila sura iliyoiona kwenye orodha ya wafu. Ile nafasi iliyo wazi hakuna aliyejisumbua kuitazama.

Dobrinka alianza kucheka, mpaka Snezhana alipoteremsha ukurasa. Chini ya mshumaa kulikuwa na maneno: "Dada Dobrinka, nilisema sikutafuti mpaka unitafute wewe kwanza. Kumbe nasubiri bure. Nisamehe. Gena."

Gena, mdogo wake! Gena wa Valencia, Hispania, aliyeshindwa kuja kumzika mama yao, na Dobrinka akamwambia kwenye simu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Kwangu mimi ushakufa." Baada ya hapo Gena akabadili namba, na Dobrinka, kwa kiburi chake, hakumuuliza mtu yeyote namba mpya. Miaka imekwenda hivyo hivyo, jamani, watu wa tumbo moja. Pilipili ziliungua zote siku ile na hakuna aliyeziangalia.

Kesho yake alipiga simu kwenye kampuni.

"Pole sana kwa msiba, mama," alisema binti aliyepokea, jina lake Ivelina. "Wewe ni nani wake marehemu?"

"Mimi ndiye marehemu."

Ikasikika Ivelina akibofya kompyuta.

"Mama, sheria inampa mtu haki ya kuona taarifa zake, kuzirekebisha, hata kutaka zifutwe. Lakini awe hai. Akishafariki, wanaomba warithi."

"Basi mimi ni mrithi wangu."

"Una cheti cha kifo?"

"Cha nani, we mtoto?"

"Cha... chako."

Dobrinka aliiweka simu mezani akaitazama. Kwa dakika nzima hakuwa na hakika nani kati yao amerukwa na akili. Mwishowe Snezhana ndiye aliyepiga picha kitambulisho cha Dobrinka na kuituma, na Ivelina alipopiga tena alikuwa mpole ajabu. Kampuni inaomba radhi, mama yu hai, atapewa kila walichonacho kumhusu, na ukurasa utafutwa akitaka.

"Nipe na namba ya Gena."

"Hiyo siwezi. Aliiacha alipowasha mshumaa, lakini ni taarifa yake, si yako."

"Gena ni mdogo wangu! Nimembeba mgongoni!"

"Najua, mama. Namba bado ni yake."

"Na mkifuta ukurasa, maneno yake je?"

"Yanaondoka nao."

Hapo Dobrinka akachanganyikiwa kabisa. Ukurasa ukibaki, Gena ataendelea kumlilia mtu anayekunywa chai. Ukifutwa, Gena hatakuta kitu, na yeye atakuwa ameyapoteza maneno pekee aliyoyapata kwa mdogo wake miaka yote hii. Amwulize nani? Sheria gani inajua hilo?

"Niacheni nimekufa kwanza," alisema. "Nifikirie."

Ivelina akamwonea huruma. "Naweza kumwandikia mimi, nimweleze kosa letu, nimpe namba yako akupigie. Ukiruhusu."

"Niruhusu mimi?"

"Namba ni yako, mama. Hakuna mwingine wa kuruhusu."

Akaruhusu. Jumapili mchana simu ikalia, namba ya ng'ambo, akaipokea upesi.

"Wewe nani?" Ilikuwa sauti ya Gena, ile ile ya puani kidogo.

"Gena, mimi dada yako."

"Hamna haya nyie matapeli! Mnatanguliza barua ya kampuni, halafu mnajifanya maiti wamefufuka. Juzi mmempigia mama mkwe wangu mkajiita polisi."

"Ni mimi kweli! Ni ile picha ya kaburini, walikosea..."

"Picha kila tapeli anaiona."

Dobrinka alitafuta cha kumwonyesha. Kitambulisho hakipiti kwenye sauti. Akaanza kulia, sauti ikatoka si yake, akasema lile alilolimeza miaka yote.

"Nisamehe, Gena. Kosa ni langu. Sikupaswa kukwambia vile. Nisamehe, mdogo wangu."

Upande wa pili akamsikia Gena analia.

"Hapo ndipo ulipojichoma, we mama," Gena alisema. "Dada yangu hakuwahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe. Mwacheni apumzike."

Simu ikakatwa. Dobrinka alipoipiga namba ile, alikuwa ameshazuiwa.