Jua Juu ya Ploti ya Mureithi

Saa kumi na mbili na nusu jioni Nyakio alikuwa akianua nguo kwenye ploti yao, Kitengela, lakini macho yake yalikuwa kwa jua. Jua la watu wengine lilitua nyuma ya milima ya Ngong kama kawaida, taa zikawashwa, watu wakaanza kusonga ugali. Lao lilibaki juu ya bati la nyumba. Nyakio akarudisha soksi kwenye kamba, maana zilikuwa hazijakauka vizuri na mchana ulikuwa bado upo.

Mureithi, mume wake, aliokoka miaka sita iliyopita. Kabla ya hapo mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupiga, na mtaa mzima ulijua. Katika fellowship yao, maombi ya nyumba kwa nyumba, kila aliyeokoka huweka nadhiri mbele ya wenzake. Wengine husema watajaribu kusamehe kabla ya machweo. Mureithi alisimama katikati ya sebule, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Jua halitatua nikiwa na hasira." Kujaribu hakukutaja. Basi jua likashika neno lake, na tangu siku hiyo halijawahi kulivunja.

Sauti hakuinua tena. Akikasirika hutabasamu, husema hakuna shida, na jua hukaa. Mara nyingi ni dakika kumi, ishirini hivi. Mwaka jana lilikaa mpaka saa tatu usiku, likatua ghafla Mureithi alipozunguka nyuma ya nyumba peke yake. Asubuhi mbwa wao alikuwa amekufa. Mureithi akasema ni nyoka. Nyakio ndiye aliyemzika yule mbwa, akamshika mbavu zilizovunjikavunjika, akafukia.

Safari hii ilikuwa maji. Kiangazi kilikuwa kikali, boza, lori la maji, ilijaza tangi asubuhi hiyo ya Jumatatu, na kufikia saa tisa mtu alikuwa amewafungulia mfereji mbuzi wa Resian, jirani yao, wakanywa hadi wakakataa wenyewe. Mtu huyo alikuwa Wacuka, binti yao wa miaka saba. Aliwahurumia, basi. Mureithi alipouliza, Nyakio alijibu kabla mtoto hajafungua mdomo.

"Ni mimi, Baba Wacuka. Nisamehe."

"Hakuna shida," Mureithi akasema, akimtazama mtoto. "Nimesamehe kabisa."

Jua halikusogea.

Kufikia Jumatano mtaa ulikuwa umezoea. Akina mama walileta mahindi kuanika saa mbili usiku. Fundi wa mageti aliomba kumalizia kazi yake pale, akapewa nafasi kando ya choo. Resian pekee ndiye aliyelalamika, kwamba mbuzi wake walikuwa wanakataa kuingia zizini. Pasta Samuel wa kanisa lao naye akaja na miwani ya jua, akawekewa kiti.

"Hii ni nuru, Mama Wacuka," akasema. "Mtu anaizuia hasira yake mpaka mbingu zinamngoja! Lakini watu wanataka kulala. Muombe msamaha."

"Nimeomba mara nne, Pasta."

"Ongeza ya tano. Na upige magoti."

"Pasta, mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Amekugusa?"

"Bado."

"Sasa?" Pasta akasema, akamalizia chai yake.

Nyakio aliogopa kwelikweli. Mureithi alikuwa akimletea Wacuka peremende, akimuita aje akae karibu, na kila alipomuita jua lilizidi kuwaka. Alhamisi adhuhuri, Mureithi akiwa kazini, Nyakio alimchukua mtoto wakaenda Kajiado kwa dada yake Eunice, anayekaa nyuma ya soko la mifugo.

Huko giza liliingia saa moja, giza la haki. Wacuka alilala kabla ya kula. Nyakio alikaa mlangoni akilitazama na kulia kwa raha, Eunice akamwacha alie.

Saa mbili jogoo wakawika. Eunice akachungulia nje. Kutoka upande wa Isinya, kwenye barabara ya Namanga, mchana ulikuwa unakuja kwa mwendo wa pikapu.

"Haya, ndiye huyo," Eunice akasema, akaenda kubandika chai, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Mureithi alipangusa viatu mlangoni. "Bwana asifiwe," akasema, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Nje, majirani wa Eunice walikuwa tayari wanatoa magodoro wayaanike.

"Wewe sijakuja kukusumbua," akamwambia Nyakio akitabasamu. "Pumzika hapa hata wiki. Nimekuja kumchukua Wacuka. Niko na neno dogo na yeye."

"Mtoto amelala," Nyakio akasema.

"Nitambeba."

Nyakio akasimama, akajifunga leso kiunoni, akampita hadi nje, akaingia kwenye pikapu na kufunga mlango.

"Maji nilifungulia mimi!" akapaza sauti kupitia dirishani, majirani wote wakasikia. "Na boza ikija tena, nitawafungulia tena! Hilo neno lako, niambie mimi!"

Mureithi aliweka kikombe chini. Alimshukuru Eunice kwa chai, akatoka bila mtoto.

Kilomita chache nje ya mji, mahali ambapo hakuna nyumba upande wowote, alipunguza mwendo akaegesha kando.

"Na nilikuwa nimesamehe," akasema kwa upole.

Jua likaanza kushuka.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu walikuwa wamelala siku tatu mfululizo, nyuso zimenawiri. Pasta Samuel alimshukuru Mungu kwa usiku, akamuita Mureithi mbele, akaomba kanisa limpigie makofi ndugu aliyeizuia hasira siku nne nzima bila kutamka neno baya. Kanisa lilipiga mpaka mabati yakaitikia. Wacuka hakuwepo; Eunice alikuwa amemwandikisha shule Kajiado. Nyakio alikuwa safu ya kwanza, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa bendeji, na mama aliyekaa kando yake akamtazama, akangoja. Nyakio akainua mkono wa kulia, akaanza kupiga makofi pajani.