Dakika Mbili za Kipa

Usiku wa jana niliota, na niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuota ovyo. Nikilala, nalala. Mimi ni meneja mkuu wa timu ya mpira wa magongo ya barafuni hapa Nairobi. Niliichezea miaka kumi na mmoja kabla ya kupewa ofisi, na mtu wa cheo hicho lazima apate usingizi mzuri.

Kabla ya kulala nilikuwa nimetia sahihi barua. Ilikuwa ya kumwachisha kazi Mghanga, kipa wetu, mwenye miaka thelathini na tisa. Tumefungwa mechi tatu mfululizo, na ile ya mwisho tulikula mabao tisa. Nilicheza naye muda wote niliocheza, lakini kazi ni kazi. Niliiacha barua kwenye meza ya chakula, nikaiwekea juu kile kisahani changu cheusi cha mpira mgumu, kile nilichofungia bao la ubingwa, ili isipeperuke. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Katika ndoto niko ofisini, nimevaa suti na viatu vya barafu. Naona ni kawaida. Barua iko mbele yangu, inakohoa.

"Umenikunja vibaya," inasema.

"Utanyooka. Unapelekwa saa nne asubuhi."

"Na wewe mwenyewe?"

"Na katibu."

"Nilijua tu," barua inasema, na zulia linaanza kuganda.

Sakafu nzima inakuwa barafu, kuta zinarudi nyuma, na sasa tuko uwanjani. Siulizi kitu. Meneja mkuu hapaswi kuonekana akiuliza yuko wapi.

Juu darini inaning'inia jezi yangu, namba kumi na saba. Tuliistaafisha siku nilipoacha kucheza, yaani hakuna mwingine atakayeivaa. Leo naona imestaafu kwelikweli. Imevaa ndara, inasoma gazeti, na kando yake kuna kikombe cha uji.

"Shuka tucheze," naiambia.

"Mimi nimestaafu, bwana," inajibu bila kuondoa macho gazetini. "Tafuta vijana."

Refa anaingia. Ni korongo, mmoja wa wale wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti ya Barabara ya Mombasa wakitazama magari. Amevaa shati la milia nyeusi na nyeupe, na linamkaa vizuri kuliko marefa wetu wengi. Anapuliza kipenga na kuninyooshea bawa.

"Muthengi, kosa."

"Kosa gani? Sijamgusa mtu."

"Kusimulia vibaya. Dakika mbili."

Basi naelekea kwenye kibanda cha adhabu, maana mimi naheshimu sheria. Kwetu mchezaji akikosa, anakaa kibandani dakika mbili huku timu yake ikicheza pungufu. Lakini korongo ananizuia.

"Si wewe. Nafasi imeshachukuliwa."

Kibandani ameketi Mghanga. Amevaa yale magodoro yake ya miguuni, kofia yake iko mapajani, na anakula njugu kutoka ndani yake.

"Unafanya nini humu?" namuuliza.

"Nakukalia adhabu yako. Karibu njugu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile karamu ya kwanza. Kila ukisimulia lile bao lako, huyu ndege anapuliza, mimi naingia. Na mwaka huu umesimulia sana, Muthe. Sijakanyaga lango tangu Machi."

"Sasa lango analinda nani?"

Ananionyesha kwa kidevu. Langoni imesimama friji, nyeupe, ya milango miwili. Mshambuliaji anakuja, na friji kwa adabu zake inamfungulia mlango. Bao. Anakuja mwingine. Inafungua tena, mpaka taa ya ndani inawaka.

"Inajitahidi," Mghanga anasema. "Ila imezoea kwamba mtu akija, anataka kitu."

Namgeukia korongo. Sheria naijua vizuri kuliko yeye. "Hii hairuhusiwi. Kipa hakai kibandani. Hata akikosa yeye mwenyewe, mwenzake ndiye humkalia."

"Safi. Ule mwaka wa ubingwa, nani alimkalia huyu?"

"Mimi."

"Ulipotoka?"

"Nikafunga bao."

"Hilo tumelisikia. Simulia lote."

Natazama jukwaani. Pamejaa. Ni watu wote walionialika kwenye karamu, harusi na sherehe za kufunga shule, na bado wameshika sahani za pilau. Nakohoa kidogo na kuitoa ile sauti yangu ya karamuni.

"Siku hiyo nilimtazama kipa wao machoni..."

Korongo anapuliza kipenga. Mghanga anaongezewa dakika mbili. Anachungulia ndani ya kofia kuona njugu zilizobaki.

"Acha maneno hayo," inasema sauti miguuni pangu. Ni kisahani changu. Visahani vya mechi huwa tunavigandisha kwanza visirukeruke, na hiki kimeganda hadi kinatoa moshi.

"Wewe ni wangu," nakiambia. "Umekaa nyumbani kwangu miaka kumi na miwili."

"Nimekaa, na sijalalamika. Lakini siku ile sikuja kwako mwenyewe. Nilitumwa."

Namtazama Mghanga. Yeye anatazama friji ikifungisha bao jingine, na uso wake ni wa mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa na wageni. Hapo naelewa. Saa nne barua itapelekwa, na akiwa bado humu ndani, hatalikanyaga lango tena maisha yake yote. Na watu watasema amezeeka.

Navua koti la suti, naliweka kwenye barafu.

"Tulikuwa sare," nasema. "Zimebaki dakika tatu. Mshambuliaji wao alikuwa amebaki yeye na lango. Mghanga akamkwatua, makusudi kabisa. Asingefanya hivyo tulikuwa tumekwisha. Kocha akanituma mimi nikamkalie kibandani, kwa sababu nilikuwa nimechoka na hakuniona na faida nyingine."

Sahani za pilau zinashushwa moja moja.

"Dakika mbili zikaisha. Nikatoka nyuma ya mabeki wao wote, na hakuna aliyenikumbuka, isipokuwa Mghanga. Alizuia mkwaju kwa goti, akainua kichwa, akanipigia kisahani uwanja mzima."

"Nikatua wapi?" kisahani kinauliza.

"Kwenye gongo langu. Sikunyoosha hata mkono."

"Na macho ya kipa wao?"

"Sijui yalikuwaje. Nilikuwa nimefumba yangu."

"Hapo sasa," kisahani kinasema.

Nasubiri kipenga. Hakilii. Korongo anafungua mlango wa kibanda, na Mghanga anasimama taratibu, magoti yakilia, njugu akazitia mfukoni na kofia kichwani. Friji inampisha langoni. Nadhani imeshukuru.

Tuna desturi yetu. Kabla ya mechi kila mchezaji humgonga kipa magodoro ya miguu kwa gongo, huu na huu, kumwambia tuko pamoja. Tangu nipewe ofisi sijafanya hivyo hata mara moja. Huwa nampungia mkono nikiwa nyuma ya kioo. Nateleza hadi langoni, nagonga kulia, nagonga kushoto.

"Umechelewa, Meneja," anasema.

"Nilikuwa kikaoni."

"Miaka sita?"

"Kilikuwa kirefu."

Anacheka. Nilimpenda sana kwa kicheko kile, na niliona aibu, yote kwa pamoja. Ndipo nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Mke wangu, Syokau, alikuwa akiita kutoka mezani.

"Baba Mwende! Nani ameweka barafu hapa? Kitambaa changu chote ni maji."

Nikaenda. Kisahani kilikuwa palepale juu ya barua. Nilipokishika, vidole vyangu viliganda juu yake, na kisahani hicho hakijaonja friji tangu siku ya ubingwa. Chini yake palikuwa na duara la maji. Sahihi yangu ilikuwa imeyeyuka yote. Jina la Mghanga lilikuwa kavu, linasomeka vizuri kabisa.

Nikampigia simu.

"Mghanga, Ijumaa kuna karamu ya wafadhili. Nataka uje."

"Kusikiliza lile bao tena? Muthe, nihurumie."

"Uje ukae mbele. Nimekuwa nikilisimulia vibaya. Safari hii nitasimulia lote."

Nilisikia anatafuna kitu.

"Na Jumamosi uko langoni," nikaongeza.

"Kwani niwe wapi?" akasema. "Ila nipe muda nijinyooshe. Nimeamka miguu imekufa ganzi, utadhani nimekaa mahali pamoja tangu Machi."